Mwanafizikia aliyehesabu nzi

Chakula cha nzi wa maabara hupikwa kama uji. Unachemsha maji, unatia unga wa mahindi, sukari, hamira na agari, unakoroga mpaka uwe mzito, kisha unaumimina katika chupa ungali wa moto na kuuacha ugande. Nilipoupika kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilisahau kutia dawa ya kuzuia ukungu. Baada ya siku chache chupa zote zilikuwa zimevaa sufi ya kijivu, na ukoo mzima wa nzi wenye macho meupe, niliokabidhiwa niutunze, ulikuwa umenasa humo na kufa. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinipa makala fupi iliyochapishwa mwaka 1967, akaniambia niisome kabla sijagusa sufuria tena. Mwandishi wake alikuwa Seymour Benzer, na tangu siku ile nimekuwa nikimfuatilia mtu huyu kama wengine wanavyofuatilia wachezaji wa mpira: timu alizopitia, mechi alizoshinda, na ile tabia yake ya kuhama klabu pale tu mashabiki wanapoanza kumshangilia.

Yafaa nieleze mapema ni nzi gani ninayemzungumzia, kwa sababu jina la nzi wa matunda limezaa mkanganyiko mwingi. Wakulima wetu wa maembe wanamfahamu nzi mwingine kabisa, yule mkubwa anayetaga mayai ndani ya tunda likiwa bado mtini, ambaye aina yake moja kutoka Asia ilionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na kuleta hasara kubwa katika ukanda huu. Wa kwetu hapa ni Drosophila melanogaster, kijidudu cha milimita mbili au tatu chenye macho mekundu, ambacho huzuka juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi au kwenye kata ya pombe. Kimesambaa duniani kote, lakini asili yake ni Afrika, kusini mwa Sahara. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuwakuta nzi hawa wakiishi porini katika milima ya Matobo nchini Zimbabwe, wakivutwa sana na matunda ya mng'ong'o. Kwa hiyo mdudu ambaye vitabu humwonyesha ndani ya chupa za New York na California ni Mwafrika aliyehamia mbali.

Benzer alizaliwa New York mwaka 1921, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland, na alipotimiza miaka 13 alizawadiwa hadubini. Ungedhani kwamba kijana huyo angeingia moja kwa moja katika biolojia. La hasha. Alisomea fizikia, akaenda Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kundi lake lilikuwa likichunguza fuwele za jerimaniamu kwa ajili ya mitambo ya rada. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1947. Mwishoni mwa mwaka huohuo, katika maabara za Bell, transista ya kwanza, kile kijenzi kidogo cha vifaa vya elektroniki, ilifanya kazi, nayo ilitengenezwa kwa jerimaniamu hiyohiyo. Mtu mwenye ujuzi kama wake alikuwa amekalia mgodi wa dhahabu, na bado aliuacha. Alikuwa amesoma kitabu kidogo cha mwanafizikia Erwin Schrödinger kilichouliza jeni, yaani chembe ya urithi, ni kitu gani hasa kwa macho ya fizikia, na swali lile halikumtoka kichwani. Mwaka 1948 alikwenda katika maabara ya biolojia ya Cold Spring Harbor, jimbo la New York, kusoma kozi fupi ya virusi wanaoshambulia bakteria, na hakurudi tena kwenye fuwele.

Kazi yake juu ya virusi ingetosha kumpa mtu jina la kudumu, ingawa hapa nitaipitia kwa haraka. Wakati ule wataalamu walio wengi waliichukulia jeni kama ushanga katika uzi: unaweza kuukata uzi kati ya shanga mbili, lakini ushanga wenyewe haugawanyiki. Benzer alichukua virusi aina ya T4 wenye hitilafu katika sehemu moja iitwayo rII, akawachanganya wawili wawili ndani ya bakteria, kisha akawapeleka kwa bakteria wa aina nyingine ambamo virusi wenye hitilafu hiyo hawawezi kuzaliana. Aliyeweza kuzaliana huko alikuwa ni yule tu aliyepata vipande vizima kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo hata tukio adimu mno lilijitokeza lenyewe kama doa katika sahani. Kwa kuhesabu madoa ya maelfu ya michanganyiko ya namna hiyo alichora ramani ya ndani ya jeni, akaonyesha kwamba ushanga nao hukatika, tena katika vipande vidogo vinavyokaribia herufi moja moja za DNA.

Naomba msomaji aishike mbinu hiyo, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Benzer hakuwa mtu wa kukaza macho kwenye kiumbe kimoja na kukisimulia. Alikuwa akiunda chujio, kisha anapitisha viumbe wengi sana ndani yake na kuwaacha wajipange wenyewe. Mwanafizikia alibaki mwanafizikia, hata alipokuwa akishughulika na wadudu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 uwanja wa virusi na jeni ulikuwa umejaa watu. Benzer alikuwa na binti wawili, na alikuwa akisimulia kwamba tofauti ya hulka zao, ambayo ilionekana tangu wakiwa wadogo ingawa walilelewa nyumba moja, ilimfanya ajiulize ni kiasi gani cha tabia ya kiumbe hurithiwa. Mzazi yeyote ameshajiuliza hivyo. Yeye alichukua likizo ya utafiti, akaenda katika Taasisi ya Teknolojia ya California huko Pasadena, na mwaka 1967 akahamia huko moja kwa moja. Ndiyo taasisi ambayo Thomas Hunt Morgan, mwasisi wa jenetiki ya nzi, alihamia mwaka 1928, na chupa za nzi zilikuwa hazijawahi kukauka tangu wakati huo.

Hesabu yake katika kumchagua nzi ilikuwa rahisi. Bakteria ni seli moja. Binadamu ana seli za neva za mabilioni. Nzi yuko katikati, akiwa na takriban laki moja. Hiyo ndiyo tarakimu iliyokuwa ikitajwa siku zile, na haikuwa mbali na ukweli, kwani ramani kamili ya ubongo wa nzi jike iliyochapishwa mwaka 2024 ilihesabu seli za neva 139,255. Tena nzi ana jozi nne tu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na katika nyuzijoto 25 yai huchukua siku kumi hivi kuwa nzi kamili.

Sasa kifaa chenyewe. Ukikiona utacheka. Ni safu mbili za mirija ya majaribio iliyoelekezana midomo. Nzi wote hutiwa katika mrija wa kwanza, kifaa hugongwa mezani ili waanguke chini, kisha hulazwa mbele ya taa. Nzi waliotikiswa hivyo hukimbilia mwanga, kwa hiyo baada ya sekunde 15 waliokimbia huwa wameingia mrija wa upande wa pili, na waliosita hubaki walipokuwa. Safu ya pili husogezwa hatua moja, waliokimbia hugongwa na kuangukia mrija mpya, na zoezi hurudiwa. Ukimaliza, kila nzi amejipanga katika mrija unaolingana na idadi ya mara alizoufuata mwanga. Wazo hilo Benzer aliliazima kwa wanakemia, ambao hutenganisha mchanganyiko kwa kuupitisha mara nyingi kati ya vimiminika viwili. Kisha aliigeuza taa, ili asiwachanganye nzi wasioupenda mwanga na wale ambao hawatembei kabisa, hata ufanye nini.

Jaribio la namna hiyo nimelifanya na wanafunzi wangu kwa mirija miwili tu, utepe wa kubandikia na tochi ya simu. Siku ile umeme ulikuwa umekatika na mvua imetanda, hivyo darasa lilikuwa na giza la kutosha. Wengi wao walikimbia. Wachache walibaki chini wakijisafisha mabawa kana kwamba taa haiwahusu, na mwanafunzi mmoja akauliza swali ambalo Benzer naye alilijengea kifaa kizima: je, ni wavivu, au bahati yao tu leo? Ukipima mara moja huwezi kujua. Nzi mwenye afya anaweza kusita mara moja, lakini akisita mara tano mfululizo, hapo unayo sababu ya kumtilia shaka.

Ili apate nzi wenye kasoro, Benzer aliwanywesha madume maji ya sukari yaliyochanganywa na kemikali inayobadilisha vinasaba. Kisha akawapandisha kwa majike wa aina ya pekee ambao kromosomu zao mbili za X zimeungana (jike ana X mbili, dume ana moja). Katika hali ya kawaida dume humrithisha X yake binti peke yake, ambaye ana X nyingine ya mama inayoweza kuificha kasoro. Kwa majike hao wa pekee mambo hugeuka: mtoto wa kiume ndiye anayepokea X ya baba, naye hana nyingine ya kumsitiri, hivyo kasoro yoyote iliyoko humo huonekana katika kizazi kilekile cha kwanza. Nilipoielewa hila hiyo nilisimama nikazunguka chumba.

Wapo waliompinga, na sidhani kwamba walikuwa wakaidi tu. Jerry Hirsch, aliyewahi kuchagua na kuzalisha nzi kwa vizazi vingi kufuatana na jinsi wanavyopanda juu au kushuka chini, aliona kwamba tabia hutokana na jeni nyingi kwa pamoja, na kwamba ukivunja jeni moja huwi umeipata jeni ya tabia bali umemvunja nzi. Hoja hiyo ina uzito hadi leo. Baadhi ya nzi wa Benzer wasioufuata mwanga walikuwa vipofu, basi. Yeye mwenyewe na Yoshiki Hotta, mtafiti kutoka Japani, walipima umeme unaozalishwa na macho yao na kuonyesha hitilafu ilipo. Lakini maoni yangu ni kwamba hapo ndipo Benzer alipowazidi wapinzani wake. Hakukana kwamba amemvunja nzi. Aliuliza amevunjika wapi.

Ili kujibu hilo, yeye na Hotta walitengeneza nzi mchanganyiko: jike ambaye, mapema sana katika kukua kwake ndani ya yai, hupoteza X moja katika baadhi ya seli, hivyo sehemu ya mwili wake huwa ya kike na isiyo na kasoro, na sehemu nyingine huwa ya kiume na yenye kasoro. Mpaka kati ya pande hizo hupita popote, na kila nzi ana wake. Chukua nzi wa namna hiyo mwenye jicho moja zima na jingine lenye kasoro, umweke gizani katika mrija uliosimama wenye taa juu. Nzi mzima hupanda wima. Huyu hupanda akizunguka mrija kama ngazi ya mnara wa msikiti, jicho bovu likielekea kwenye mwanga, kwa kuwa ubongo wake unajaribu kusawazisha mwanga kati ya macho mawili na haufanikiwi. Kwa nzi huyo ilijulikana kwamba hitilafu iko ndani ya jicho lenyewe na wala si kitu kingine mwilini kinacholidhuru. Kwa aina nyingine, ambao huishi vizuri kwa siku kadhaa kisha wakafa ghafla, mbinu hiyo ilielekeza kidole kwenye ubongo, na ubongo ulipokatwa na kutazamwa ulikutwa una matundu tele.

Baadaye likaja suala la kumbukumbu. Mwaka 1974 William Quinn na William Harris, wakiwa katika maabara ya Benzer, walionyesha kwamba nzi hufundishika: ukiwapa harufu moja pamoja na mshtuko mdogo wa umeme, na harufu nyingine bila mshtuko, kisha ukawapa nafasi ya kuchagua, wataikwepa ile ya kwanza. Miaka miwili baadaye Yadin Dudai na wenzake katika maabara hiyo walimtangaza nzi anayenusa vizuri, anayeusikia mshtuko na anayetembea bila taabu, ila hajifunzi. Walimpa jina la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingekuwa mbumbumbu. Jeni yake ilikuja kufahamika kuwa inatengeneza kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali ndogo iitwayo AMP saikliki, ilhali jeni ya nzi mwingine aliyeshindwa kujifunza hutengeneza kimeng'enya kinachoizalisha kemikali hiyohiyo. Ikizidi, somo halikai. Ikipungua, vilevile, kama chumvi katika mchuzi. Wakati huohuo Eric Kandel alikuwa akikutana na kemikali hiyo katika seli za neva za konokono wa baharini, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Konokono na nzi walitengana zamani mno, na bado wanakumbuka kwa nyenzo moja.

Benzer aliendelea na kazi hadi uzeeni. Akiwa na mke wake wa pili, Carol Miller, aliyekuwa mtaalamu wa magonjwa ya ubongo, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya ubongo wa nzi, nyingi hushika pia katika ubongo wa binadamu. Mwaka 1998, akiwa na miaka zaidi ya 70, maabara yake ilitangaza nzi aliyeishi kwa takriban asilimia 35 zaidi ya wenzake, wakamwita Methusela. Alisifika pia kwa kula vyakula vya ajabu, na naamini angewafurahia senene wa Bukoba. Alifariki Pasadena mwezi Novemba mwaka 2007.

Saa nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ronald Konopka alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara hiyo, na alichotaka kukitafuta kiliwafanya wakubwa watikise vichwa: jeni moja ambayo ikibadilika, saa ya ndani ya mwili inabadilika. Nzi hutoka katika gamba la pupa, yaani hatua ya mwisho kabla funza hajawa nzi kamili, alfajiri, wakati hewa ingali na unyevu. Saa yao huanza kunapopambazuka kama hii yetu ya Kiswahili, nami kila nikifundisha mada hii huwa nawaambia wanafunzi kwamba nzi wangetuelewa kwa urahisi kuliko Wazungu wanaoanza siku usiku wa manane. Konopka alitafuta wale waliotoka kwa wakati usio wao. Katika makala yake na Benzer ya mwaka 1971 walitangaza nzi wa aina tatu: mmoja mwenye siku ya saa 19, mwingine mwenye siku ya saa 28, na wa tatu asiye na mpangilio wowote. Mabadiliko yote matatu yalikuwa mahali pamoja katika kromosomu ya X, katika jeni moja.

Jeni hiyo ilitengwa mwaka 1984 na makundi mawili ya watafiti, na mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi inavyofanya kazi: protini yake hujilimbikiza usiku, ikishatosha inairudia jeni iliyoitengeneza na kuizima, kisha inaharibika taratibu na mzunguko unaanza upya. Konopka alikuwa amefariki mwaka 2015. Nobel haitolewi kwa marehemu, na Benzer naye hakuipata hata kwa kazi ya virusi, jambo ambalo mimi naliona kuwa dosari ya tuzo yenyewe zaidi ya kuwa pengo katika maisha yake. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba katika familia moja ambayo watu wake husinzia mapema jioni, yapata saa 1:30 usiku, na kuamka kabisa saa 10:30 alfajiri, hitilafu imo katika ndugu wa jeni hiyohiyo kwa binadamu. Benzer, kwa upande wake, alikuwa mtu wa usiku. Alifika maabara wakati wengine wanakwenda kula chakula cha mchana, na akakesha.

Mwezi uliopita niliweka chupa moja dirishani, magamba ya pupa yakiwa yamekoza rangi na mabawa meusi yakionekana kwa ndani, ishara kwamba siku imefika. Niliamka kabla ya adhana. Wa kwanza alisukuma kifuniko cha gamba kwa paji la uso, ambalo hujivimbisha kwa kazi hiyo moja tu, akatoka akiwa mweupe, mrefu, na mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinywa ndani ya ngumi. Baada ya muda mabawa yalinyooka. Wakafuata wengine, na jua lilipopanda wakakoma. Nilihesabu magamba na kukuta moja lingali limefungwa, mdudu akionekana ndani yake, tayari kwa kila hali. Nililichungulia mchana, nikalichungulia tena jioni, lakini halikuwa na dalili ya kufunguka. Alitoka kesho yake, alfajiri.